Jivu Chini ya Weupe

Kaka yangu mkubwa ana duka la vifaa vya ujenzi mjini Meru, na kama watu wengi wanaouza saruji, anaamini kila kitu kinaweza kusimamishwa wima na kikabaki hivyo. Mimi ni mwandishi wa makala, na jioni hufundisha chuo kimoja Embu, somo ambalo wanafunzi wangu hulisoma kwa sababu ni la lazima. Kazi ya kaka mama anaielewa. Yangu huwaeleza majirani kwa kusema, "Huyu hukaa chini akafikiri, halafu wanamlipa."

Mama anaishi peke yake Kiambere, huko Mbeere, ambako jua halina adabu na ndengu ndizo hushinda mahindi. Baba alipofariki tulidhani angekubali kuhama. Hakukubali. Mwaka juzi alianguka akitoka kuchota maji, akalala chini mpaka jirani alipomsikia akiita. Hakuvunjika chochote, lakini kaka alivunjika kitu. Tangu siku hiyo alianza kuandaa chumba nyumbani kwake Meru: vigae sakafuni, kitanda kipya, choo cha ndani chenye vyuma vya kushikilia. Alitutumia picha kwenye kundi la familia la WhatsApp. Dada zangu walituma mioyo na mikono ya kuomba. Mimi nilituma swali: "Mama ameona?" Mama hana WhatsApp. Ana simu ya mulika mwizi, na hata hiyo huiwasha anapotaka kupiga yeye.

Kila akiambiwa habari ya kuhama, mama alikuwa na jibu moja: "Na kuku wangu?"

Hapa lazima niwaeleze hao kuku. Mama alipoolewa, nyanya, mamake yeye, alimpa tembe mmoja wa rangi ya jivu, jivu la kweli, kama la jiko asubuhi moto ukishakufa. Kutoka kwa huyo walizaliwa wengine, na uani petu hawajawahi kukosekana kuku wa jivu tangu nipate akili. Hawakuwa wote jivu. Palikuwa na weusi kati yao, na wengine weupe wachafu wenye mabaka, kama mtu amekung'uta kalamu ya wino juu yao. Lakini wa jivu ndio waliokuwa wa mama. Na kwa kuwa mimi ni binti wa pili, nimepewa jina la nyanya huyo, kama ilivyo desturi yetu, na mama huniita "mama". Kaka, mzaliwa wa kwanza, amebeba jina la babake baba, kwa hiyo mama humwita "Mzee" na humpa heshima ya mkwe. Nimekuwa nikiona wivu kuhusu jambo hili kwa miaka hamsini. Mimi naitwa mama na natumwa kuni. Yeye anaitwa Mzee na analetewa maji ya kunawa.

Halafu kikapita kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku wa kijiji kizima kwa wiki moja. Ukaacha uani kwa mama kuku mmoja tu, mtetea wa jivu.

Krismasi hiyo tulikuwa sote Kiambere. Mama alikuwa jikoni nje, sisi watoto wake tumekaa sebuleni tukimjadili kama kamati ya harusi. Kaka alisema, "Sababu yake ilikuwa kuku. Sasa ni kuku mmoja. Huyo akiisha, sababu imeisha."

"Na akizaa wengine wa jivu?" nikauliza.

"Atazaa na nani? Jogoo wa jivu hayupo. Jivu huzaliwa na jivu. Hata wewe msomi unajua."

Hapo ndipo aliponigusa. Mimi sikusoma sayansi chuoni, nilisoma fasihi, lakini mwalimu wetu wa baiolojia wa sekondari alikuwa mkali, na mambo ya urithi yalinikaa. Nilimwambia hapana. Jivu si rangi inayosimama peke yake. Kuku hupokea mbegu moja ya rangi kwa mamake na moja kwa babake. Akipata mbegu ya jivu upande mmoja tu, weusi wake unafifia, anakuwa jivu. Akipata pande zote mbili, anafifia kupita kiasi, anakuwa wale weupe wa mabaka. Asipopata kabisa, anabaki mweusi. Kwa hiyo huyu mtetea mpe jogoo mweusi, na kila yai litakuwa kama sarafu inayorushwa: jivu au mweusi.

"Umemaliza?" kaka akauliza.

"Nimemaliza."

"Haya. Kufikia Krismasi ijayo, ukinionyesha kuku wa jivu aliyetoka kwa huyu, sitataja Meru tena. Usiponionyesha, mama anakuja kwangu, na wewe ndiye utakayemfungia mizigo."

Dada zangu walicheka. Mimi nilisema sawa. Kwetu jambo likisemwa kwa kicheko mbele ya mashahidi limeshapita, kama vile limetiwa muhuri.

Nilimpata jogoo Mikinduri, nilikokwenda mazishini. Sokoni nilimkuta mwuzaji akitafuna miraa, kuku wake wamefungwa miguu kama washukiwa. Nilimwambia nataka jogoo mweusi asiye na unyoya mwekundu hata mmoja. Akaniangalia kutoka viatu hadi miwani.

"Madam, wewe ni wa mganga?"

"Mimi ni mwalimu."

"Ni hao hao," akasema, na kuninyooshea jogoo. "Huyu ni mweusi tititi. Ukipata doa, rudi."

Nilimpanua mabawa, nikapuliza manyoya ya shingo nitazame chini yake, watu wakaanza kukusanyika. Mweusi kweli. Nikampeleka Kiambere nikiwa na kiburi cha mtu aliyebeba hoja hai.

Mama alimpokea vizuri, akamtupia mtama. Mtetea alikuwa tayari ametaga mayai machache, akaendelea kutaga, na alipoanza kuatamia nilirudi Embu nikiwa nimetuma kundini ujumbe mrefu kupita kiasi, wenye mchoro. Kaka alijibu kwa kidole gumba.

Vifaranga walipototolewa, mama alinipigia. "Mama, wametoka."

"Rangi gani?"

"Manjano."

"Wote?"

"Wote. Kama maua ya alizeti."

Kifaranga wa jivu hutoka yaini akiwa rangi ya moshi. Mweusi hutoka mweusi mwenye tumbo jeupe. Manjano maana yake atakuwa mweupe. Nilifunga safari kwenda kuona aibu yangu kwa macho.

Maelezo yalikuwa ng'ambo ya ua. Jirani, mama mmoja mjane anayependa utani, alikuwa na jogoo mweupe wa gredi, wale wa kisasa, mkubwa kama mbuzi mchanga. Kuku wa kijiji hawana mipaka. Na tena, jambo ambalo mwalimu wangu wa baiolojia hakuliona lina umuhimu wa kutuambia, mtetea huhifadhi mbegu ya jogoo tumboni kwa wiki mbili au zaidi. Nilipofika na jogoo wangu wa Mikinduri, mambo yalikuwa yameshapita.

"Jogoo wangu haombi ruhusa," jirani akasema, ameegemea ua. "Hao ni wajukuu zangu. Nidai nini, mbuzi au asali?"

"Unadai?" mama akamjibu. "Jogoo ni wako. Wewe ndiye wa kuleta mahari."

Walicheka mpaka wakashikana mikono. Mimi nilikuwa nikihesabu miezi.

Kuku mweupe Kiambere ni kuku aliyetangaza anwani yake. Mwewe humwona akiwa bado juu ya bwawa la umeme. Mmoja mmoja wakaenda, mpaka wakabaki matembe wawili ambao walijifunza kukaa chini ya machaka ya mchongoma. Kaka aliandika kundini, "Sayansi inaendeleaje?" Nilimjibu kwamba sayansi huanza upya. Nilinunua mbao na waya, nikajenga kizimba kwa mikono yangu, na anayejua mikono yangu atajua kilivyokuwa. Nikamfungia humo mtetea wa jivu na jogoo mweusi, wawili tu, jogoo wa jirani asipite.

Mama alikizunguka akikitazama. "Wamefanya kosa gani?"

"Ni kwa muda tu."

"Hata jela ni kwa muda."

Nilimwachia maagizo: mayai ya wiki mbili za kwanza ale, yanayofuata amwekee mtetea aatamie. Mama aliitikia. Sikumwambia kwa nini. Leo nikifikiri, naona kwamba hakuna hata mmoja kati yetu aliyemwambia kwa nini, mwaka mzima.

Mwezi wa sita kaka alikuja kumwona bila kutuarifu. Kwetu mgeni haondoki bila kuchinjiwa kuku, na mwenye jina la mkwe ndiyo kabisa. Mama alitoka uani. Matembe weupe walikuwa machakani, wana mbio za swala. Kwenye kizimba palikuwa na kuku wawili, wamefungiwa vizuri, hawana pa kukimbilia. Jogoo alikuwa bado na kazi. Mama alifungua mlango wangu na kutia mkono.

Kaka anaapa hakujua. Alikula, alipewa firigisi kama mwanamume wa nyumba, akanywa supu akaisifu. Alipokwenda nyuma ya jikoni kunawa ndipo alipoona manyoya. Aliyapiga picha. Kundini hakuweka neno, picha tu: rundo la manyoya ya jivu juu ya mchanga mwekundu. Dada mmoja aliweka uso unaolia. Mwingine aliweka uso unaocheka, akaufuta, lakini nilikuwa nimeshauona.

Nilimpigia jirani, akampelekea mama simu. Nilikuwa nimesimama kwenye korido ya chuo, wanafunzi wakinipita.

"Mama, kwa nini yule?"

"Ningempa Mzee nini, ndengu?"

"Huyo si mgeni, ni mwanao."

"Mwana anayekuja na gari mara mbili kwa mwaka ni mgeni."

"Na mayai yake? Si alikuwa anataga?"

"Mzee alikunywa nayo chai," mama akasema. "Alikuwa ametoka mbali."

Mtu mwenye busara angekubali hapo. Kaka aliniandikia kando, kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi zaidi: "Tuache mchezo sasa. Rangi imeisha. Nafikiria magoti yake tu." Nilisoma ujumbe huo mara nyingi. Alikuwa mkweli kuhusu magoti. Kuhusu rangi alikuwa amekosea, na mimi nina udhaifu wa kushikilia mahali mtu alipokosea hata kama mahali pengine pote yuko sawa.

Rangi haikuwa imeisha. Weupe wa jogoo yule wa gredi si ukosefu wa rangi, ni blanketi. Humfunika kuku aliyenalo, na chini yake rangi yake halisi imelala. Matembe wawili waliobaki walikuwa wana wa mtetea wa jivu. Kila mmoja, kwa bahati ya sarafu, huenda alikuwa amebeba jivu la nyanya chini ya blanketi la jirani. Na blanketi la upande mmoja halikosi tundu. Kuku mweusi aliyefunikwa hivyo huvuja vidoa vyeusi hapa na pale. Wa jivu huvuja vidoa vya kijivu.

Nilikwenda Kiambere wikendi hiyo. Tuliwakamata matembe jioni wakipanda mtini kulala, na asubuhi nikakaa juani na mmoja mapajani, nikifungua manyoya yake kama mtu anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto. Wa kwanza alikuwa na kidoa shingoni, cheusi kama lami. Wa pili nilimpekua shingo, mgongo, mabawa. Mwishoni, chini ya bawa la kushoto, nikapata vidoa vitatu vidogo. Nilivipeleka kwenye mwanga. Nilivua miwani, nikavaa tena. Vilikuwa vya kijivu.

Jirani alikuwa ameegemea ua wake kama kawaida. "Mwalimu, umepoteza nini humo?"

"Nimekipata," nikasema.

"Basi mwachilie huyo kuku, amechoka."

Nilimfanyia tembe hesabu yake jioni hiyo. Tembe huyu na jogoo mweusi: nusu ya watoto wangefunikwa tena na weupe. Nusu iliyobaki wangetoka wazi, na kati ya hao nusu weusi, nusu jivu. Yaani robo. Robo si haba. Watu wamejenga makanisa kwa imani pungufu ya hiyo. Niliimarisha kizimba, nikamfungia humo na jogoo mweusi, nikatia kufuli, ufunguo mmoja nikaondoka nao Embu na mwingine nikampa jirani awe akimsaidia mama kuwalisha. Mama alitazama kufuli hilo na kunitazama mimi.

"Kuna nini na kuku hawa?"

"Nataka jivu lirudi, mama."

"Lirudi litoke wapi? Nilimchinja."

"Limo ndani ya huyu mweupe."

Alimtazama kuku kwa muda. "Elimu," akasema, akaingia kupika uji.

Tembe alianza kutaga mvua za mwezi wa kumi zilipokuja. Aliatamia vizuri. Vifaranga walitoka Desemba, siku chache kabla ya kaka kufika, nami nilikuwapo, nimechuchumaa, nikitazama maganda yakipasuka. Tisa walitoka wazima. Sita manjano. Watatu weusi.

Hakuna wa jivu.

Najua wanachosema watu wa hesabu: robo si ahadi, sarafu haina deni kwa mtu. Nimewaambia wanafunzi maneno ya namna hiyo, nikiwa nimesimama, chaki mkononi. Nikiwa nimechuchumaa ilikuwa vigumu kuyasikia. Niliwageuza wale weusi juani mmoja mmoja, nikitafuta moshi. Walikuwa weusi kama baba yao.

Kaka alifika na pikapu ya duka. Nyuma alikuwa ameweka godoro kuukuu na kamba, ili vyombo vya mama visivunjike njiani. Alitembea moja kwa moja hadi kizimbani, akachungulia, akahesabu kimoyomoyo. Hakucheka. Afadhali angecheka.

"Sawa," akasema. "Umejitahidi."

"Akiatamia tena Februari —"

"Tulisema Krismasi."

"Kuku hajui Krismasi."

"Wewe unajua. Ulisema sawa. Dada wote walisikia."

Mama alikuwa ametoka jikoni na sufuria ya chai. Aliona godoro kwenye pikapu, akaona kamba. "Nani anahama?"

Kaka akanitazama mimi, kwa kuwa kazi ya kueleza siku zote imekuwa yangu. Basi nikaeleza: Krismasi iliyopita, sebuleni, kuku wa jivu, sharti, mwaka. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoyasikia maneno yangu mwenyewe. Mimi niliyejiona mtetezi wake nilikuwa nimekubali, kwa kicheko, kwamba mahali atakapolala mama pataamuliwa na bawa la kuku. Tofauti yangu na kaka ilikuwa moja tu: mimi nilikuwa na mchoro.

Mama aliweka sufuria chini. "Mimi nilikuwa wapi mlipopatana?"

"Jikoni," kaka akasema.

"Nikiwapikia."

"Ndiyo, mama."

"Nikiwapikia nyinyi, nanyi mnanipigia kura, mimi na kuku." Hakupandisha sauti. "Mzee, nilikuchinjia yule wa mama yangu kwa sababu ulikuwa na njaa. Ningejua ni kesi ningekupa ndengu."

Kaka alijaribu. Na sitaki kumpunguzia: alijaribu kwa moyo. "Mama, siku ile ulilala chini mpaka jirani akakusikia. Asingekuwa nyumbani? Nikiwa Meru, simu ikilia usiku, mimi hukaa kitandani kwanza kabla ya kuishika. Ukianguka tena nani atakuokota?"

"Nikianguka nitaanguka kwangu."

"Hilo si jibu."

"Ndilo nililo nalo."

"Nani atakuokota?"

"Mimi," nikasema.

Wakanigeukia wote wawili kwa mshangao ambao sikuupenda. Kaka akauliza, "Wewe uliye Embu?"

"Makala huandikwa popote penye mtandao. Chuoni huingia jioni mbili. Siku nyingine nitakuwa hapa."

"Hujui hata kukamua mbuzi," mama akasema.

"Nitajifunza."

"Kizimba chako kinaegemea. Hata mbuzi watakuonea huruma."

Lakini hakusema hapana, na mimi ninamjua. Kaka alikaa juu ya jiwe la mlangoni akanywa chai yake. Alipomaliza alisema kwamba yeye bado anaona tumefanya makosa, na kwamba ataendelea kuona hivyo, na kwamba chumba kile hatakipangisha. Nilimwambia asikipangishe. Nilimwambia pia kwamba hatumfungi mizigo mtu asiyetaka kuhama, hata tukiwa wanne na pikapu. Aliondoka na godoro lake.

Januari alirudi na mifuko ya saruji na fundi, bila kupiga simu. Wakamwaga njia ya zege kutoka mlangoni hadi kwenye tangi la maji, na kando yake vyuma vya kushikilia, vile vile vya picha ya Meru. "Sijabadilisha mawazo," aliniambia, akisawazisha mwenyewe kwa ubao. "Hii ni saruji tu." Mama alimchinjia yule tembe mweupe mwingine, wa kidoa cheusi, na firigisi akapewa fundi, kaka akatazama pembeni.

Naandika haya nikiwa Kiambere, kwenye meza ya kulia, na mbuzi wamenishinda kweli. Mama ameniondoa kazi hiyo, ameniachia kuni na kuku. Tembe wangu mwenye vidoa chini ya bawa aliatamia tena, na asubuhi ya leo vifaranga wamekauka, wako chini yake wakilia. Nimewaona wote. Kaka ameandika kundini, neno kwa neno: "Nimesikia wametoka. Rangi gani?" Dada zangu wamesubiri, kimya, kwa mara ya kwanza tangu kundi lianzishwe.

Nimemsomea mama ujumbe huo. Amesema hakuna mtu anayedaiwa rangi hapa, na nimkumbushe Mzee kwamba ndengu za kuvuna ziko tayari na mikono ni michache.

Nimemwandikia habari ya ndengu.